Pigo la Tatu la Makaa

Liuli,
4 Novemba 2024

Kwako Urbani,

Salamu. Sisi huku ni wazima, ila goti langu linalalamika nikipanda kwenda kanisani. Usipa umekuwa mwingi ziwani mwezi huu, vichanja vimejaa na kunguru hawatupi nafasi ya kukaa. Mdogo wako Edina, binti yangu, mimba yake sasa inaonekana. Mumewe yuko Ngaka, kwenye malori ya makaa ya mawe, kazi ileile ya marehemu baba yako. Msalimie Beata. Na mke wako sina ugomvi.

Utakuwa umepiga simu ukaona haipatikani. Inapatikana kwa wengine. Nimekufungia wewe, na hutaisikia sauti yangu tena kwa sababu ile uliyonayo umekwisha kuitumia vya kutosha. Ukiwa na neno, andika. Barua zako zipitie kwa Bwana Swalehe, pale dukani kwake Mbinga, atazitia kwenye basi la huku.

Jumamosi nilikwenda kwa Sadiki kununua chumvi. Sadiki amefungua kibanda cha gemu ubavuni mwa duka, runinga mbili na mabenchi. Nimesimama na beseni langu, nikasikia mtu anamwita kaka yangu. Hakuita Elias, jina la ubatizo ambalo kila mtu ana ruhusa nalo. Aliita lile la nyumbani. Na aliyekuwa akiita ni mimi.

Niliingia. Kwenye runinga mtu amelala chali, amevaa kofia ya kijani iliyotoboka mbele, kofia ya baba yako. Sauti yangu ikatoka, yule mtu akasimama, akampiga mwenzake hadi mwenzake akatoweka. Vijana wakashangilia. Mmoja akaniambia kwa adabu kabisa, "Bibi, huyu anaitwa Makaa. Hilo ni pigo lake la tatu. Akiitwa lazima aamke." Nikauliza nani kalitengeneza. "Urbani, mtu wa kwetu!" Walijivuna. Mimi nikatoka bila kununua chumvi.

Mila ya nyumba yetu unaijua, lakini nakuandikia kama mgeni kwa kuwa umeishi kama mgeni. Mtu wetu akichukuliwa na maji asipatikane, misa inasomwa, halafu dada yake anashuka ufukweni kumwita kwa jina la nyumbani mpaka sauti imkauke. Baada ya hapo jina linalala. Halitajwi na yeyote, hata kwa bahati mbaya, mpaka azaliwe mtoto wa kupewa. Elias nilimwita hivyo Julai ya mwaka 2022, ziwa lilipomchukua. Edina alikurekodia kwa simu akakutumia ili nawe ulie, maana hukuja. Hakukutumia ufanye kelele za kibandani.

Jina hilo ni la mtoto wa Edina, akiwa wa kiume. Nitampaje jina linalopigiwa kelele kutwa, na mwenye jina anaamshwa kila mara apigane ngumi? Itoe sauti yangu humo. Itoe kabla Edina hajajifungua.

Shangazi yako,
Kunigunda


Tabata, Dar es Salaam,
2 Desemba 2024

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako Bwana Swalehe aliichelewesha, au basi liliichelewesha, sijui, lakini maneno yamefika yakiwa bado ya moto. Sisi ni wazima. Beata anakusalimu, na anasema ufungue simu. Mimi sisemi.

Umenifokea kama mtoto aliyemwaga uji. Nina miaka thelathini na miwili. Gemu hili limenichukua miaka miwili, usiku na mchana, na ni mara ya kwanza mtu wa Mbinga kuonekana kwenye gemu kama shujaa. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Mimi nimecheza kwetu natukanwa.

Umesikia pigo moja ukahukumu yote, kwa hiyo nikupe asili yake. Makaa ni Baba. Pigo la kwanza linaitwa Teremko: anashusha bega la kushoto, anamvaa mpinzani kwa kasi, na vumbi jeusi linatimka nyuma yake. Hilo ni lori la Baba likishuka na makaa kutoka Ngaka. Pigo la pili linaitwa Ngoro: anainua jembe, anapiga chini, na uwanja wote unagawanyika mashimo kama shamba letu la Mbuji. Anafukia udongo kwenye kingo kwa haraka, mpinzani anatumbukia. Watu wa Dar hawajawahi kuona kitu kama kile. Wananiuliza nilikitoa wapi, nawaambia kwetu mlimani ndivyo tunavyolima.

La tatu ni Mwito. Halitumiki ovyo kama unavyodhani. Linapatikana mara moja tu katika pambano, nguvu zikiisha kabisa na amelala chini. Hapo ndipo anaitwa, akaamka. Bila hilo Makaa ni mpiganaji wa kawaida.

Mwezi wa tano tunaingia kwenye mashindano ya watengeneza gemu Nairobi. Sitaitoa sauti. Mtoto wa Edina anaweza kupewa jina lolote, kalenda ya watakatifu imejaa majina.

Na kama tunatafuta wa kulaumiwa, Shangazi, tuseme yote. Baba hakuzama akija kwangu. Alizama akija kwako.

Wako,
Urbani


Liuli,
6 Januari 2025

Urbani,

Marahaba. Nimeitikia kwa sababu salamu ni deni la Mungu, wala si kwamba roho yangu imekuitikia. Noeli tumekula wali na mbelele wa ziwani, nyumba imejaa watu, mahali pako hapakuwa na mtu na hakuna aliyeuliza. Edina anavimba miguu. Nimempumzisha kuanika usipa.

Umeniandikia asili ya mapigo. Nimeisoma barua yako mara mbili, ya kwanza kwa hasira na ya pili kwa kicheko, na kicheko kilikuwa kibaya zaidi.

Tuanze na Teremko. Baba yako hakuwahi kumvaa mtu wala kitu. Alikuwa dereva mwoga kuliko wote Ngaka. Akishuka mlima wa Ruanda, ile yetu ya Mbinga, wenzake walikuwa wanampita wakipiga honi na kumuuliza kama amebeba mayai. Ndiyo maana hakuwahi kuangusha lori. Bega la kushoto lililoshuka unalijua wewe. Ulikuwa darasa la pili, fahali wa jirani akakata kamba, ukasimama katikati ya njia umeduwaa. Aliyemvaa yule fahali ubavuni kwa bega ni mimi. Nilikuwa bado naishi Mbuji, nimerithi ulezi wako tangu mama yako afariki, na baba yako alikuwa safarini kama kawaida. Bega langu limepinda mpaka leo, hata blauzi zangu nashona upande mmoja chini. Nimekwenda kwa Sadiki kulitazama hilo pigo lako. Bega ni langu.

Ngoro! Mtoto wa Kimatengo, uliyelala kwenye vivuli vya mashamba ya Mbuji ukingoja kunyweshwa uji! Nani anafukia ngoro? Mwanaume anafyeka, anapanga majani miraba miraba, anaondoka zake kunywa. Anayeingia na jembe akafukia majani kwa udongo mpaka mgongo ukatike ni mwanamke. Mwanaume wa kwetu akikutwa anafukia ngoro, watu watamuuliza mkewe amefia wapi. Mtu wa Dar hatajua. Lakini kila Mmatengo atakayeona pigo lako la pili atasema, huyu ni mwanamke amebandikwa masharubu. Na atakuwa amesema kweli. Wewe uliona jembe langu kila siku, ukaja kumpa mtu ambaye hukuwahi kumwona analima.

La tatu hatubishani.

Sasa niambie ndani ya huyo Makaa kuna nini cha Elias. Mimi nimekiona kimoja, nacho ni kofia.

Halafu umekata. Edina amenisikilizisha ile aliyokutumia, ina mwisho. Baada ya kuita kuna neno. Nilisema, "Haya, nenda." Hatumwiti mtu wetu ili arudi, Urbani, tunamwita asikie kwamba tumemruhusu. Wewe ukachukua kuita ukaacha kuruhusu. Kaka yangu anaitwa kutwa nzima na hakuna anayemwambia aende.

Umesema alizama akija kwangu. Ni kweli. Alishuka na gari la wenzake hadi Lituhi, akapanda boti na gunia la mahindi mapya, na upepo wa mwera ulikuwa umeanza kuvuma. Kila mwaka alikuja hivyo. Unadhani alikuja kuniletea mahindi, mimi ninayenunua mahindi kwa Sadiki? Simu ulikuwa unanipigia mimi. Yeye hukumpigia. Alikuja kuniuliza, "Mtoto anasemaje?" Hilo ndilo lililokuwa likimleta, kila mwaka, na ndilo lililompandisha kwenye boti ile.

Kunigunda


Tabata, Dar es Salaam,
11 Machi 2025

Shangazi,

Shikamoo. Tu wazima. Mvua zimeanza na barabara yetu imejaa maji.

Sikujibu mapema kwa sababu kila nilichoandika kilikuwa tusi, na Beata alikichana.

Hukuwa na haja ya kuniambia hilo la mwisho. Ungeweza kuninyima mpaka nife. Uliliweka akiba miaka yote hii ukanisubiri nikukosee ndipo ulitoe, sasa umelitoa, sijui umebaki na nini.

Kuhusu mapigo umesema kweli, na ninachukia kwamba umesema kweli. Nilikaa mbele ya kompyuta nimtengeneze Baba. Nikajaribu kukumbuka anavyosimama, anavyogeuka, anavyoshika kitu. Sikuwa nacho. Nakumbuka mlango wa lori ukifungwa, na pipi ya mnanaa, na kofia. Kila mara mkono uliposogea kwenye kioo ulikuwa mkono wako. Ulitaka nifanye nini, nitengeneze kofia inayopigana?

Na lile neno ninalo. Wala halikukatika kwa bahati mbaya. Nililikata kwa mkono wangu mwenyewe siku ileile niliyopokea. Wewe ulikuwa naye, ulimchoka, ukamruhusu. Mimi sijamruhusu. Kwenye gemu langu akiitwa anaamka, na ndivyo itakavyobaki.

Usiniulize tena kwa nini sikuja.

Urbani


Liuli,
14 Aprili 2025

Urbani,

Edina amejifungua salama tarehe ishirini na saba Machi. Mtoto ni wa kiume. Amebatizwa Nicholaus.

Jina la nyumbani hana. Wazee wa Mbuji walituma mtu kuuliza nimempa lipi, nikamrudisha na jibu kwamba mtoto huyu ataitwa kwa jina la kanisani tu, kama mtoto wa kuokotwa. Edina analia. Anasema kosa ni lake kwa kukurekodia. Nimemwambia anyonyeshe, machozi yanaharibu maziwa. Siku aliyotoka ndani na mtoto, vijana wa Sadiki walimwamsha Makaa tangu asubuhi, nasi tumekaa uani tunasikiliza.

Hukutaka nikuulize kwa nini hukuja. Sikukuuliza. Bwana Swalehe alishuka huku kumpa Edina pole ya uzazi na kanga mbili, na katika mazungumzo akasema, "Urbani naye alilia sana ile siku aliyolala kwangu." Nikamwuliza siku gani. Akajua amekosea, akaanza kusifu chai. Nilimkazania mpaka akasema. Kumbe ulifika Mbinga. Ulilala dukani kwake, na asubuhi, basi la kushuka ziwani limesimama mlangoni, wewe ukapanda la kurudi. Nilikuwa ufukweni naita, nikigeuka kila nikisikia gari, na wewe ulikuwa umefika Mbinga.

Nilidhani umekosa ruhusa ya kazi. Nilikutetea mbele ya watu kwa uongo huo. La kuvunda halina ubani.

Usiniandikie tena kama huna la kusema.

Kunigunda


Tabata, Dar es Salaam,
9 Juni 2025

Shangazi,

Shikamoo. Hongereni kwa mtoto. Beata ametuma blanketi, limo kwenye kifurushi hiki, lipokee kwa ajili yake.

Ninalo la kusema. Nairobi sikwenda. Nimetoa toleo jipya la gemu, Sadiki akiunganisha intaneti litaingia lenyewe. Sauti yako nimeitoa. Makaa akianguka ameanguka. Halafu nikaona nisiwe mwizi nusu, nikatoa na bega, nikatoa na jembe. Vitu vyako vyote nimekurudishia. Amebaki na kofia.

Sasa anasimama tu katikati ya uwanja na kofia yake, anapigwa. Wachezaji wananiandikia kwamba nimemharibu, ni mpiganaji mbovu kuliko wote. Hakuna anayemchagua tena. Nilimjaribu mwenyewe nikaona ni kweli, na kwa mara ya kwanza nikaona amefanana na Baba: amekaa mbali, hasemi kitu, humfahamu.

Umeshinda. Mpe mtoto jina.

Kuhusu Mbinga sina cha kukuambia. Basi lile la ziwani lilikuwa na nafasi. Kiti kimoja, karibu na dirisha. Kondakta aliniita mara mbili.

Urbani


Liuli,
24 Agosti 2025

Kwako Urbani,

Marahaba. Sisi ni wazima. Upepo umekuwa mkali tangu Julai, wavuvi wamekaa siku nyingi nchi kavu na usipa umeadimika. Blanketi la Beata ni zuri, mwambie mtoto analinyonya pembe. Goti ni lilelile.

Umeniandikia nimeshinda. Soma basi nilivyoshinda.

Toleo lako jipya liliingia kwa Sadiki siku ya soko. Nilikwenda, sikuona haya. Makaa alisimama na kofia yake, akapigwa, akaanguka chali. Pakawa kimya. Nilikuwa nimekingoja kimya hicho tangu Novemba, na kilipokuja sikukipenda, nikwambie ukweli. Kisha kijana mmoja akaweka chini pedi ya kuchezea, akatia mikono mdomoni, akaita. Jina lilelile, na mkokoto uleule wa sauti yangu kule mwishoni. Wenzake wakamfuata. Wamelijua wote, Urbani. Wamelisikia miezi yote hii, linawatoka kama wimbo wa shule. Makaa hakuamka, na wao wakaendelea kuita huku wanacheka. Siku hizi hawaiti kwenye gemu tu. Mmoja akianguka kwenye mpira wanamwita hivyohivyo. Akilala darasani wanamwita hivyohivyo. Sauti yangu umeitoa, sasa wanaita kwa zao, na hizo hakuna toleo la kuzifuta.

Nilikulaani siku ile. Nilikulaani kwa Kimatengo, ili ikupate vizuri.

Jumatano nilikuwa naanika usipa kidogo tuliopata, Nicholaus nimemweka juu ya blanketi karibu yangu. Alikuwa analia, meno yanamsumbua. Nikamwita Nicholaus, hakunisikiliza. Edina akamwita Nicholaus, ndiyo kwanza akaongeza. Huko uwanjani mtu akaanguka na vijana wakaita. Mtoto akanyamaza. Akageuza kichwa, akatazama upande ule, akangoja. Walipoita mara ya pili akacheka.

Edina alinitazama. Mimi nikaendelea kugeuza usipa. Jioni, vijana wamekwisha kwenda kwao, nilikaa naye ndani nikalisema jina kwa sauti ya chini, nikiwa nimempa mgongo. Niligeuka nikamkuta ananitazama. Sikumpa mimi. Hakuna aliyempa. Amejichukulia, kutoka kwenye makelele yako.

Nilimwacha kwa mama yake nikashuka majini peke yangu. Sikuita. Nilisema lile neno ulilolikata, mara moja, nikarudi kusonga ugali.

Sijakusamehe, usijidanganye, na simu sijakufungulia. Lakini wazee wa Mbuji wanakuja mwezi wa kumi kulithibitisha jina, na desturi inataka awepo mtoto wa marehemu. Huyo ni wewe, hatuna mwingine. Bwana Swalehe nimemkataza kukupa kitanda. Ukifika Mbinga usishuke kwenye basi.

Jina sasa lina mtu. Ukiingia uani, mwite. Mwite kwa sauti ndogo, kwa kuwa yeye anashtuka haraka, na kwa kuwa mwenzake wa jina amelala.

Shangazi yako,
Kunigunda